Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza, kwa mfano wa wine

Kwa msomaji wa Dodoma, penye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora, neno zuri la kujifunzia ni wine, yaani mvinyo.

Fungua kamusi ya etimolojia. Maelezo huanza na umbo la karibu na kurudi nyuma. OE ni Kiingereza cha Kale, hadi karibu mwaka 1100. ME ni cha Kati, hadi karibu 1500. OF ni Kifaransa cha Kale. L ni Kilatini. Alama < husomwa "limetoka kwa". Nyota mbele ya neno huonyesha kwamba halijakutwa katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha ndugu. Ukilinakili, linakili na nyota yake.

Kwa wine utakuta wīn la Kiingereza cha Kale, kisha vinum la Kilatini. Usiishie hapo, tafuta na vine, yaani mzabibu. Nalo ni la Kilatini, vinea, ila lilipitia Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa Ufaransa ya kaskazini waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Sauti ya kwanza ndiyo shahidi. Warumi wa zamani walitamka v kama w yetu, na waliolichukua neno mapema walibaki na w hiyo. Vine lilipoingia, matamshi yalikwisha kugeuka. Mvinyo letu limetokana na vinho la Kireno, kwa hiyo lina undugu na wine ingawa hatukulipata kwa Waingereza.

Wengi hukosea kwa kuamini sura. Have na habere la Kilatini hufanana kwa umbo na kwa maana, lakini hazina undugu wowote. H ya mwanzo katika maneno ya asili ya Kiingereza hulingana na c ya Kilatini, inayotamkwa k: hundred na centum, horn na cornu, heart na cor. Ndugu halisi wa have ni capere, kushika. Vivyo hivyo f hulingana na p: father na pater, fish na piscis. Ndiyo maana paternal (-a baba), lenye p, ni la kukopwa. Usikubali ulinganifu wa sauti kabla ya kupata angalau jozi tatu kama hizi.

Nyuma ya vinum kuna oinos la Kigiriki, wiyana la Kihiti (lugha ya kale ya eneo la Uturuki ya leo) na yayin la Kiebrania. Wataalamu hawajakubaliana nani alimkopa nani, kwa hiyo hapo usichore mshale; yaandike maneno hayo sambamba.