Stelingi Haili Oili: Namna Ninavyotunza Pawa Stelingi ya Gari Kuukuu

Kila asubuhi nilipokata kona ya kwanza, gari langu liliguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Likishapata joto, kimya. Ni gari la mwaka 1996 na nimekaa nalo miaka 11, kwa hiyo miguno yake mingi nimeizoea. Huu nikawa nautibu kwa njia ya mkato: nafungua boneti, namimina oili kidogo kwenye kikopo cha stelingi, nafunga, naondoka. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, mpaka fundi mmoja mzee aliponiuliza, "Hizo chupa zote unazomimina humo zinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. "Injini inaweza kula oili," akasema. "Stelingi haili."

Na kweli haili. Oili hii huzunguka tu. Pampu inayozungushwa na mkanda huinyonya kutoka kwenye kikopo, huisukuma kwa presha kubwa hadi kwenye raki, yaani kifaa kinachogeuza matairi ya mbele, nayo ikishasaidia kuyageuza hurudi kikoponi kwa mpira (bomba la mpira) mwingine. Haiungui wala haitoki na moshi. Magari mengi madogo yana takriban lita 1 tu kwenye mzunguko wote. Ikipungua, imevuja mahali. (Kama chini ya boneti huoni kikopo hicho wala pampu, huenda usukani wako unasaidiwa na mota ya umeme. Wewe huna oili ya kupima.)

Kupima ni kazi ya dakika 2. Egesha mahali tambarare. Kabla hujagusa kifuniko, kifute vizuri pamoja na shingo ya kikopo, maana chembe ya mchanga ikiingia humo itakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Kisha angalia alama. Vikopo vingi vya plastiki vina mistari ubavuni, vingine vina kijiti kilichoshikana na kifuniko. Ukiona HOT na COLD, ujue moja ni ya oili iliyopata joto na nyingine ni ya iliyopoa, kwa sababu oili ikipata joto hutanuka. Mimi nilikuwa nikipima asubuhi gari likiwa baridi, halafu najaza hadi mstari wa juu, ule wa HOT. Likishatembea kidogo, oili inapanda na kufurika. Sehemu ya zile chupa zangu ilikwenda hapo, na nyingine ikadondokea kwenye mkanda, ambao nao ukaanza kupiga kelele zake.

Ukishaona kiwango, chovya kona ya kitambaa cheupe. Kama gari lako linatumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, oili mpya ni nyekundu inayopitisha mwanga. Ikiwa kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ilitakiwa kubadilishwa zamani. Ukiona chembe zinazometameta kama unga wa chuma, pampu inajila yenyewe na oili mpya haitaiponya.

Sasa oili gani? Soma kifuniko, halafu kitabu cha gari. Magari mengi ya zamani ya Japani hutumia ATF ya aina ya Dexron. Honda wana oili yao wenyewe. Magari kadhaa ya Ulaya hutumia oili ya kijani kama CHF 11S, na hiyo usiichanganye na ATF kwa sababu tu dukani imekwisha. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa magari yote mimi naiacha ilipo. Ila kosa kubwa kuliko yote ni oili ya breki. Mpira wa sili za stelingi (zile pete zinazozuia oili isitoke) haukuundwa kuivumilia: huvimba, hulainika, na baada ya muda raki nzima inavuja. Mtu akikosea akaimimina, asiwashe gari hata kidogo. Anyonye kila kitu kilichomo kikoponi kabla pampu haijaisambaza.

Kunyonya ndiyo njia yangu ya kubadilisha oili pia. Nina bomba kubwa la sindano lenye kipande cha mpira mwembamba mbele. Injini ikiwa imezimwa, navuta oili yote ya kikoponi, naitia kwenye chupa tupu, najaza mpya hadi alama, naendesha siku kadhaa, kisha narudia. Mara ya kwanza hutoi hata nusu ya oili ya zamani, kwa sababu nyingine imebaki kwenye raki na mipira. Kufikia mara ya nne au ya tano rangi inakuwa nyekundu tena. Ni njia ya mvivu, lakini haifungui mpira wowote na haiingizi hewa. Nafanya hivyo kila baada ya miaka 2. Kikopo kikiwa kitupu, mulika chini kwa tochi. Vikopo vingi vina kichujio cha wavu humo, na wavu huo ukiziba, pampu inakosa oili hata kama kikopo kimejaa pomoni. Oili chafu peleka gereji wanakokusanya. Usiimwage mtaroni.

Baada ya kubadilisha oili, mguno wangu ulipungua kwa wiki moja, kisha ukarudi. Fundi akaniambia niwashe injini, nifungue kifuniko, nitazame tu. Oili ilikuwa na povu la waridi, kama maziwa ya stroberi. Povu maana yake hewa, na hewa ndiyo iliyokuwa ikiguna, si upungufu wa oili. Mwaka mzima nilikuwa nikimlisha mgonjwa asiye na njaa, na lile povu lilikuwa likichuruzika kupitia kifuniko.

Hewa iliingilia pale mpira mnene wa kunyonya unapoungana na pampu. Pana oringi ndogo pale, yaani pete ya mpira ya kuziba ungio. Niliing'oa kwa ncha ya sindano: upande mmoja ulikuwa bapa, mgumu kama ukucha, na nilipoikunja ikakatika. Upande huo wa pampu hunyonya, hausukumi. Kwa hiyo oringi ikichakaa, hewa inaingia na nje huoni hata tone. Ndiyo maana nilitafuta uvujaji nikaukosa.

Nilipoweka mpya ilibidi nitoe hewa. Nyanyua matairi ya mbele kwa jeki, uyaweke juu ya stendi imara. Usiliamini jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara 20 hivi, huku mwenzako akitazama mapovu kikoponi na kuongeza oili ikishuka. Yakiisha, washa injini, rudia mara chache, zima, pima tena. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5. Hapo presha inafika kilele, oili inapata joto kali na pampu inaumia. Hata kwenye kuegesha, ukifika mwisho legeza kidogo.

Kama wewe oili yako inapungua kweli, laza kadibodi chini ya gari usiku kucha, asubuhi uone tone limeangukia wapi. Kagua maungio ya chuma ya mpira wa presha, na nyuma ya puli ya pampu. Halafu bonyeza yale mabuti ya mpira yaliyokunjana kwenye ncha za raki. Likiwa zito na linacheza kama mfuko wa maji, sili za raki zimekwisha. Dawa za chupa za kuziba uvujaji hulainisha sili zilizokauka kwa muda. Kwangu hizo ni za kukufikisha gereji tu. Na kama oili inadondokea kwenye bomba la moshi, usingoje, maana inaweza kushika moto.

Asubuhi iliyofuata nilikata kona ile ile vioo vikiwa chini. Stelingi kimya kabisa. Ndipo nikaisikia beringi ya tairi la mbele kulia, ambayo kumbe muda wote ilikuwa ikivuma chini ya ule mguno.