Kuondoa Utitiri kwenye Maua ya Ndani bila Viuatilifu Vikali

Katika kazi yangu ya kutunza maua ya ofisini na majumbani hapa Dodoma, msimu wa utitiri huanza baada ya mvua kukatika na hukolea kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati hewa imekauka, vumbi limetanda na viyoyozi vinawaka kutwa. Wateja wengi huniita wakiwa wamekwisha kupuliza dawa ya mbu ya kopo, au dawa ya kuogeshea mifugo waliyoinunua kwa hoja kwamba kinachoua kupe kitaua na utitiri. Hoja hiyo ina msingi, kwa kuwa utitiri na kupe ni jamaa: wakikomaa wote wana miguu minane, na wako karibu zaidi na buibui kuliko na wadudu. Lakini dawa ya josho haikutengenezwa kwa ajili ya chumba wanamolala watoto. Dawa ya mbu nayo huua wadudu wanaokula utitiri, huku utitiri wenyewe mara nyingi ukisalimika na kuendelea kuzaana bila adui.

Njia ninayoieleza hapa hutumia maji, sabuni na mwarobaini. Nguvu yake haitokani na ukali wa mchanganyiko, bali na mambo mawili: kuufikia upande wa chini wa kila jani, na kurudia kazi kwa siku zinazolingana na kuanguliwa kwa mayai. Anayepuliza mara moja tu, hata kama dawa yake ni kali kiasi gani, atakuta utitiri umerudi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni utitiri

Utitiri unaosumbua zaidi maua ya ndani ni Tetranychus urticae. Aliyekomaa ana urefu wa takriban nusu milimita, na kwa kawaida ni wa kijani kilichofifia au manjano, mwenye doa jeusi kila ubavu. Wapo pia wekundu, lakini usisubiri kuona rangi nyekundu ndipo uamini. Anza na jani lenyewe: upande wa juu huwa na vidoa vingi sana vyeupe au vya manjano, vidogo kama ncha ya sindano, ambavyo ni seli zilizofyonzwa zikabaki tupu. Baadaye vidoa huungana, jani likawa na rangi ya kijivu au ya shaba, kisha likapukutika. Utando mwembamba kati ya jani na kikonyo ni dalili ya kuchelewa. Anayeuona ajue kwamba kundi limekuwapo kwa muda.

Wengi hudhani kwamba ua lina kiu au limekosa mbolea, wakaliongezea vyote viwili. Kipimo cha kuondoa shaka ni rahisi. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga majani mara kadhaa, kisha itazame karatasi kwa utulivu kwenye mwanga. Vumbi halitembei, chembe inayoanza kutembea polepole ni utitiri. Halafu geuza jani na uchunguze kando ya mshipa mkuu kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu. Hapo utaona walio hai, mayai ya mviringo yanayong'aa, na magamba meupe yaliyovuliwa walipokuwa wakikua.

Ukiona vitu vyeupe vyenye manyoya kama pamba kwenye maungio ya matawi, hivyo ni vidung'ata. Vikiruka vijidudu vyeupe unapotikisa ua, ni inzi weupe. Sabuni husaidia dhidi ya hao pia, lakini ratiba ya siku nitakayoitoa hapa ni ya utitiri.

Hatua ya pili: tenga ua, kisha kagua majirani zake

Utitiri hutembea kutoka jani hadi jani palipo na mgusano. Pia huchukuliwa na upepo wa feni ukiwa umening'inia kwenye uzi wake, na husafiri kwenye nguo, mikono na kitambaa cha kufutia vumbi. Jike ambaye hajapandwa hutaga mayai yanayotoa madume, na anaweza baadaye kupandwa na dume la uzao wake mwenyewe, kwa hiyo jike mmoja aliyehamia chungu kipya anatosha kuanzisha ukoo. Hamishia ua lenye tatizo kwenye chumba kingine, au kwenye baraza yenye kivuli, na ulihudumie la mwisho kila siku.

Unapokagua yaliyobaki, anza na kalathea, alokasia, mitende ya ndani, krotoni na waridi la kwenye chungu, kwa sababu hayo ndiyo hushambuliwa upesi. Usiisahau miche ya nyanya na bilinganya iliyooteshwa kwenye makopo barazani, maana mara nyingi chanzo huwa hapo.

Hatua ya tatu: kata majani yaliyokwisha kuharibika

Jani lililogeuka rangi ya shaba halitarudi kuwa kijani, na kuliacha ni kuhifadhi mayai. Yakate majani ya namna hiyo, lakini usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani yote kwa mara moja. Yatie moja kwa moja kwenye mfuko, ufunge, na utupe nje siku hiyohiyo. Usiyaweke kwenye shimo la mboji lililo jirani na bustani. Mkasi ufutwe kwa spiriti.

Hatua ya nne: osha kwa maji

Hatua hii hupuuzwa kwa sababu haina dawa, na mimi naiona kuwa nusu ya kazi yote. Funika udongo wa chungu kwa nailoni, ulaze mmea ubavu bafuni, kisha elekeza maji yenye msukumo wa wastani upande wa chini wa majani, ukisogea kutoka shina kwenda ncha. Maji hung'oa utando, huwaangusha walio hai na huondoa vumbi ambalo lingewakinga dhidi ya sabuni.

Mahali ambapo maji ni ya mgawo, tumia ndoo. Ua dogo unaweza kuligeuza juu chini, udongo ukiwa umefunikwa na kushikiliwa vizuri, na kuyazungusha majani yake ndani ya ndoo. Mmea wenye majani mapana, kama mti wa mpira wa ndani, hufutwa kwa kitambaa laini: shikilia jani kwa mkono mmoja kutoka chini, futa pande zote mbili kwa mkono mwingine, na suuza kitambaa kabla ya kuhamia jani linalofuata. Kitambaa kisichosuuzwa hupanda utitiri upya kwenye jani safi.

Hatua ya tano: puliza maji ya sabuni

Sabuni huua utitiri kwa kuharibu utando wa seli zake na kuukausha. Hufanya hivyo ikiwa majimaji tu; ikishakauka juu ya jani haina nguvu tena, na kwa sababu hiyo haiachi sumu ndani ya nyumba. Kila utitiri ambao haukulowa utabaki hai.

Chagua sabuni halisi ya mche, isiyo na rangi wala manukato mengi. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, na sabuni nyingi za maji za kuoshea vyombo zina viondoa mafuta vinavyobabua majani. Kwangua gramu 5 za sabuni ya mche, ziyeyushe katika maji kidogo ya moto, kisha ongeza maji ya kawaida hadi lita 1. Majani yakistahimili unaweza kufikia gramu 10 kwa lita, na usizidishe hapo.

Ubora wa maji una uzito kuliko watu wanavyodhani. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati na ya pwani ni magumu, nayo hushikana na sabuni yakatoa utando mweupe usioua chochote na unaoziba bomba la kupulizia. Fanya jaribio: changanya sabuni na maji yako kwenye chupa ya kioo, tikisa, uache kwa dakika 15. Ukiona mabonge yakielea juu na povu limetoweka, tafuta maji ya mvua au maji yaliyosafishwa ya kunywa. Lita moja au mbili zinatosha kwa maua ya sebule nzima.

Kabla ya kupuliza mmea wote, jaribu jani moja na usubiri kwa siku nzima. Makangaga (fern) ya mapambo, mimea yenye majani ya manyoya na ile yenye nta ya kijivu juu ya majani huumizwa na sabuni kwa urahisi. Mmea wenye kiu unyweshwe kwanza. Puliza jioni, mahali pasipo na jua, ukianzia chini ya majani hadi yadondoshe matone, halafu upande wa juu, vikonyo na maungio. Baada ya saa mbili hivi, suuza kwa maji safi majani ya mimea laini.

Hatua ya sita: mwarobaini

Mafuta ya mbegu za mwarobaini hufanya kazi mbili ambazo sabuni haiziwezi vizuri: hufunika mayai yakakosa hewa, na kiini chake kiitwacho azadiraktini huvuruga ulaji na ukuaji wa wachanga. Changanya mililita 5 za mafuta na mililita 2 za sabuni ya maji isiyo kali, koroga hadi vishikane, kisha mimina taratibu kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu huku ukitikisa. Tikisa tena kila baada ya muda mfupi wakati wa kupuliza, na mwaga kinachobaki siku hiyohiyo, kwa sababu azadiraktini huvunjika upesi ikiwa kwenye maji, na upesi zaidi juani.

Asiyepata mafuta anaweza kutumia mbegu zilizokaushwa kivulini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa, ziloweke katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa na ongeza sabuni kidogo. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, ambayo ndiyo watu huyakimbilia, yana nguvu ndogo sana kwa kazi hii.

Harufu yake ni nzito, kwa hiyo fungua madirisha. Usiruhusu mafuta haya kufika mikononi mwa watoto wadogo. Yakinywewa ni hatari kwao, na umaarufu wa mti huu kama dawa ya nyumbani usikupe uzembe. Usipulize joto likizidi nyuzi 32. Pia usichanganye na salfa, ile ya unga wanayotumia wakulima wa korosho huko Mtwara na Lindi. Salfa huua utitiri kweli, lakini vumbi lake halifai chumbani, na ikikutana na mafuta ndani ya wiki chache huunguza majani.

Hatua ya saba: rudia kwa kalenda

Katika joto la nyuzi 27 hadi 30, yai huanguliwa kwa takriban siku 3, na kutoka yai hadi utitiri unaotaga huweza kupita wiki moja tu. Penye baridi kama ya Njombe mwezi wa Juni, safari hiyo huchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Lengo ni kuwakuta walioanguliwa kabla hawajafikia kutaga. Kwa hiyo, wakati wa joto, puliza kila siku ya nne. Wakati wa baridi, kila baada ya wiki moja. Mimi hupishanisha sabuni na mwarobaini: leo sabuni, awamu inayofuata mwarobaini, kisha sabuni tena. Endelea kwa wiki tatu za joto, au tano hadi sita za baridi, hata kama majani yanaonekana safi baada ya wiki ya kwanza. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta na uibandike kwenye chungu, maana kumbukumbu ya kichwani hupoteza awamu ya tatu mara nyingi.

Hatua ya nane: badilisha mazingira

Ondoa ua kwenye njia ya hewa ya kiyoyozi. Nywesha kwa wakati, kwa kuwa mmea uliosinyaa hushambuliwa zaidi, na punguza mbolea ya naitrojeni, kwa kuwa majani yenye naitrojeni nyingi humfanya jike atage zaidi. Futa vumbi kila wiki. Kunyunyizia ukungu wa maji asubuhi, kama wengi wanavyoshauri, huongeza unyevu wa hewa kwa dakika chache tu. Kuyapanga maua yaliyokwisha kupona kwa karibu kunasaidia kidogo zaidi.

Huulizwa pia kuhusu utitiri unaokula utitiri mwenzake. Upo, na una historia nzuri katika kanda yetu: utitiri wa kijani wa muhogo, ulioonekana Uganda mwaka 1971 ukaenea barani, ulikuja kupunguzwa sana kwa kuletwa Typhlodromalus aripo kutoka Brazil. Mashamba ya waridi ya Naivasha nayo hutegemea Phytoseiulus persimilis. Sebuleni mambo ni tofauti. Mayai ya Phytoseiulus hukauka unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60, hali ambayo Dodoma ya kiangazi huwa nayo kila mchana, na mabaki ya sabuni au mwarobaini humuua yeye pia. Kwa nyumba yenye vyungu kumi, sioni sababu ya kumtafuta.

Awamu zikikamilika, rudia kipimo cha karatasi mara mbili, kwa kuachanisha wiki moja. Karatasi zote mbili zikiwa safi, rudisha ua mahali pake. Zikionyesha chembe bado zinatembea baada ya mizunguko miwili kamili ya ratiba hii, na mmea umebaki na majani machache, chukua kipandikizi cha ncha iliyo safi, kioshe kwa sabuni, kioteshe mbali na vingine, na mmea mama ufungwe kwenye mfuko na kutupwa pamoja na udongo wake wa juu.