Somo: Skripti fupi ya kuchambua baruapepe zinazoingia

Wakuu, wengi wetu tukianza kazi hii tunaifungua baruapepe kama maandishi ya kawaida na kutafuta mstari unaoanza na `Subject:`. Nami nilianza hivyo hivyo. Skripti ilikwenda vizuri siku kadhaa, mpaka ikaingia barua yenye mada `=?UTF-8?B?SGFiYXJp?=`. Hilo ni neno "Habari" tu, limefungwa kwa Base64 (njia ya kuandika data yoyote kwa herufi za kawaida), maana tangu RFC 822 (hati ya kanuni za baruapepe) ya mwaka 1982 vichwa vya baruapepe vilitengenezwa kwa herufi za ASCII, yaani herufi za msingi za Kiingereza. Mada ikiwa ndefu huvunjwa na kuendelea mstari wa chini, na mwili nao unaweza kuwa na sehemu ndani ya sehemu. Msihangaike na kukatakata. Moduli ya `email` imo ndani ya Python, hakuna cha kusakinisha.

Hatua ya 1: Tafuta barua za kweli

Usijaribu kwa barua uliyojitungia. Hifadhi tatu kutoka kwenye kisanduku chako kama faili za `.eml`: moja ya maandishi matupu, moja yenye kiambatisho, moja iliyofowadiwa.

Hatua ya 2: Andika soma.py

```
#!/usr/bin/env python3
import sys
from email import message_from_bytes
from email.policy import default

ghafi = sys.stdin.buffer.read()
barua = message_from_bytes(ghafi, policy=default)

print("Kutoka:", barua["From"])
print("Mada:", barua["Subject"])

mwili = barua.get_body(preferencelist=("plain", "html"))
if mwili is not None:
    print(mwili.get_content())

for k in barua.iter_attachments():
    print("Kiambatisho:", k.get_filename(), k.get_content_type())
```

Iendeshe hivi: `python3 soma.py < jaribio.eml`

Angalieni sana `.buffer`. Barua moja inaweza kubeba sehemu zenye usimbaji (encoding, namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) tofauti, kwa hiyo isomwe kama baiti. Na `policy=default` isiachwe, licha ya jina lake: bila hiyo Python inakupa mfumo wa zamani, usio na `get_body`, na skripti inakatika hapo hapo.

Hatua ya 3: Viambatisho

Jina la faili limeandikwa na mtumaji, na mtumaji anaweza kuandika `../../chochote`. Hifadhi kwa jina unalolitunga wewe, la mtumaji liweke pembeni kama maelezo tu.

Hatua ya 4: Iunganishe na seva

Kwa Postfix (programu ya seva inayopokea na kutuma barua), ongeza mstari huu kwenye `/etc/aliases`, faili linaloeleza barua za kila anwani ziende wapi, kisha endesha `newaliases`:

```
maombi: "|/usr/local/bin/soma.py"
```

Faili ipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`. Hapa ndipo wengi hukwama: kwenye terminali skripti inafanya kazi, kwenye seva inagoma. Faili la aliases likiwa mali ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), Postfix huiendesha skripti kwa mtumiaji wa `default_privs`, ambaye kwa kawaida ni `nobody`, na huyo hana ruhusa ya kuandika kwenye folda yako. Tena `print` haitaonekana popote, kwa hiyo matokeo yaandike kwenye faili au hifadhidata.

Kabla ya kuchambua, hifadhi kwanza `ghafi` kama ilivyo. Uchambuzi ukiharibika, barua bado unayo. Na kama hata kuihifadhi kumeshindikana, malizia kwa `sys.exit(75)`: Postfix itaiacha barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Skripti ikianguka hivi hivi na kumalizika kwa namba 1 (ishara ya kosa), barua inarudishwa kwa mtumaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi maandishi yangu yanatoka `ng=E2=80=99ombe`. Nimekosea wapi?

Jibu: Bila shaka umetumia `get_payload()` tupu. Hiyo ni quoted-printable (njia ya kuandika baiti kwa alama ya `=` na tarakimu zake), na baiti tatu E2 80 99 ni ile alama ya ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe. Tumia `get_content()`, itafunguka.

Swali: Sina seva yangu, nina akaunti ya kawaida tu. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ndugu. Tumia `imaplib.IMAP4_SSL` ya Python, inayosoma kisanduku kilichoko kwenye seva kwa itifaki ya IMAP, bandari 993, kisha baiti unazozipata uzipeleke kwa `message_from_bytes` ile ile. Unapozivuta andika `(BODY.PEEK[])`, ukiandika `(RFC822)` barua zitahesabika zimeshasomwa, na mwenye kisanduku hatajua zipi ni mpya.

Swali: Yangu imekufa kwa `LookupError: unknown encoding`.

Jibu: Mtumaji ametaja usimbaji ambao Python haiujui. Idake `LookupError`, kisha:

```
maandishi = mwili.get_payload(decode=True).decode("utf-8", errors="replace")
```

Herufi chache zitaharibika, lakini barua itasomeka.

Swali: Nataka skripti imjibu mtumaji kuwa barua imefika. Niongeze nini?

Jibu: Kwanza kagua kichwa cha `Auto-Submitted`. Kikiwepo na thamani yake si `no`, usijibu, maana hiyo imetumwa na mashine, na mashine mbili zikianza kujibizana hazitaacha. Jibu lako nalo lipe `Auto-Submitted: auto-replied`, kama RFC 3834 inavyoelekeza. Na kwa kuwa `From` inaweza kughushiwa, usimtumie mtu huyo taarifa yoyote ya siri kwa kuamini jina lililoandikwa pale.