Kabla ya kukubali pesa za dereva aliyekugonga

Mtu akigongwa na gari pale Malaba au Busia, huku upande wetu wa Uganda, pesa hutolewa kabla damu haijakauka. Dereva anasema "tuelewane", anachomoa laki mbili, majirani wanasema chukua, na mwenye mguu uliovunjika anatia sahihi. Ndugu yangu, usitie sahihi siku hiyo. Mfupa ulioungana vibaya hujulikana baada ya wiki kadhaa, na karatasi inayosema umeridhika itakurudia mbele ya hakimu. Akikupa za matibabu pokea, ila iandikwe kuwa ni za matibabu tu, shauri halijaisha.

Ukiwa umelala hoi, kazi ya mwanzo ni ya aliye karibu nawe. Apige 999 au 112, apige picha namba ya gari na stika ya bima kwenye kioo cha mbele, achukue simu za watu wawili watatu walioona. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inamtaka dereva asimame na kujitambulisha, lakini wapo wanaokimbia, na bila namba ya gari hakuna wa kumdai. Ukipata nafuu nenda kituoni, umuulize afande wa trafiki shauri lako limeandikwa kwa nambari gani. Nambari hiyo ndiyo itakayokupatia ripoti ya ajali, na bila ripoti hiyo bima watakuzungusha.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kesi ni mbili. Ile ya polisi ni ya serikali dhidi ya dereva. Akitozwa faini, inaingia serikalini, wewe unatoka mahakamani na magongo yako vilevile. Fidia yako inataka shauri la madai, unalolifungua wewe. Nimeona watu wakihudhuria kesi ya jinai mwaka mzima wakidhani wanasubiri pesa zao.

Je, umdai nani? Kila gari linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu kwa sheria ya mwaka 1989, na wewe uliyekuwa unatembea kwa miguu ndiye huyo mtu wa tatu. Idai bima hiyo, ni haki yako. Ila ujue mapema kwamba sheria hiyo iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kutia chuma kwenye paja. Inauma, na ingefaa ibadilishwe. Kwa hiyo tafuta mwenye gari. Dereva akiwa kazini kwake wakati wa ajali, tajiri wake, yaani mwenye gari, naye anawajibika, na mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Hata kwa bodaboda uliza: pikipiki ni yake, au anapeleka hesabu kwa mtu?

Sisi wa mpakani tuna la ziada. Lori la Kenya au Rwanda likikugonga huku, dereva huwa na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ni bima ya mtu wa tatu nje ya nchi ya gari. Ipigwe picha kabla lori halijavuka.

Muda wa kufungua shauri la majeraha ni miaka 3, na gari likiwa la serikali ni miaka 2. Unaonekana mrefu, lakini mashahidi huhama na simu zao hupotea.

Hakimu atakadiria mwenyewe thamani ya maumivu, lakini gharama ulizotumia lazima uzithibitishe moja moja. Hapo ndipo wanyonge wanapoteza. Dawa, picha ya eksirei, hata nauli ya boda kwenda kliniki: omba risiti, na asiye nayo akuandikie kwenye daftari na kusaini. Kama ulivuka bila kuangalia, mwambie wakili wako ukweli. Kosa lako hupunguza fidia, si lazima liifute, lakini likiibuliwa na upande wa pili linavuruga ushahidi wako wote.

Usiye na pesa za wakili, ulizia mahakamani ofisi ya Justice Centres Uganda, wanaosaidia wasiojiweza bure. Nenda na nakala. Karatasi halisi za hospitali zibaki nyumbani, kwa mtu unayemwamini.