Kupima rifleksi H kwa mapigo yanayojirudia, bila kujidanganya

Wengi wetu tukianza kupima rifleksi H, yaani mwitiko wa msuli unaopitia uti wa mgongo, huiweka mashine ipige kila sekunde, maana foleni imeshafika mlangoni. Nami nilifanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye fomu ya kijana mzima kabisa kwamba rifleksi yake ni dhaifu. Kijana hakuwa na shida. Shida ilikuwa kidole changu.

Tunachopima ni hiki. Umeme mdogo unaigusa neva ya tibia nyuma ya goti. Nyuzi nene za hisi zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, zinaziamsha nyuroni mota (seli za neva zinazoendesha misuli), nazo zinatuma amri kwenye soleasi, msuli uliojificha chini ya shavu la mguu. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 30. Kwa mtu mrefu huzidi kidogo. Herufi H ni ya Paul Hoffmann, Mjerumani aliyeieleza rifleksi hii mwaka 1910.

Hatua ya 1: Mwandae mtu

Muulize kwanza kama ana kifaa cha moyo kifuani. Akiwa nacho, usiendelee. Mrudishe kwa daktari wake.

Mlaze kifudifudi, mto mdogo chini ya vifundo vya miguu. Hapa Moshi mwezi wa Julai, mtu aliyeshuka kwenye bodaboda asubuhi kutoka Kibosho ana miguu ya baridi kama chuma, na neva iliyopoa hupeleka habari polepole. Mfunike taulo la moto mpaka ngozi ifike nyuzi 32 hivi.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, huu ndio ule umeme wa LUKU?" Nikamjibu, "Hapana mzee, huu hauwashi hata taa." Akacheka sana, nami ikabidi ningoje amalize. Mtu anayecheka, anayebana meno au kukunja ngumi huipandisha H bila wewe kugusa kitufe.

Hatua ya 2: Bandika elektrodi

Elektrodi ni vibandiko vya kupitisha na kunasa umeme. Futa ngozi kwa spiriti. Elektrodi ya kunasa ikae katikati ya mguu, chini kidogo ya pale shavu linapoishia, na mwenzake kwenye kano ya kisigino. Ya kupiga, upande hasi, iwe kwenye mvungu wa goti. Chanya iwe mbele, juu ya pia ya goti. Waya wa ardhi uwe katikati ya sehemu ya kupiga na ya kunasa. Chomoa chaja za simu na birika, la sivyo skrini itajaa mawimbi ya hertzi 50 ya umeme wa ukutani.

Hatua ya 3: Tafuta nguvu inayofaa

Weka pigo la milisekunde 1, moja kila sekunde 10, uongeze kidogo kidogo. Kwenye skrini, wimbi la H hutangulia kuonekana. Kisha, ukiongeza nguvu, huchomoza wimbi M, milisekunde 5 hivi baada ya pigo, ambalo ni umeme ulioshuka moja kwa moja kwenye msuli bila kupitia mgongoni. Ukizidi kuongeza, M inakua na H inaanza kufa, kwa sababu umeme unaopanda kinyumenyume kwenye nyuzi za mota hugongana na amri inayoshuka.

Rudi pale H bado inapanda na M ni kijinundu tu. Kijinundu hicho kilinde: ndiye shahidi wako.

Hatua ya 4: Sasa rudia

Piga mara 10 kwa mwendo wa pigo moja kila sekunde 10. Pumzika. Piga 10 kila sekunde 2. Pumzika tena, halafu 10 kila sekunde 1. Katika kila mfululizo litupe pigo la kwanza, maana hilo lilikuta mtu amepumzika, kisha tafuta wastani wa yaliyobaki.

Kwa mtu mwenye afya aliyetulia, H ya kila sekunde hushuka sana, mara nyingi hadi nusu au chini yake. Tazama M: kama haikubadilika, umeme wako ni uleule, na kilichobadilika kiko mgongoni.

Hapo ndipo utasikia watu wakisema "nyuroni mota imechoka." Haijachoka. Ni kama mtoto uliyemtuma akapige hodi kwa jirani mara kumi mfululizo: jirani yuko ndani na masikio yake mazima, ila mtoto sasa anagusa mlango kwa ncha ya kidole. Ncha za nyuzi za hisi, zikitumika tu, humwaga kemikali kidogo kwenye pigo linalofuata, na huchukua kama sekunde 10 kurudi hali yake. Ndiyo maana ya zile sekunde 10 za Hatua ya 3.

Kwa mtu aliyepata kiharusi na mguu ukakaza, mteremko huo huwa mdogo. H ya kila sekunde inaweza kukaribiana na ya kila sekunde 10. Kwa hiyo usiripoti urefu wa H peke yake. Andika uwiano wa H ya kila sekunde kwa H ya kila sekunde 10, na pembeni yake urefu wa M.

Hatua ya 5: Jaribio la kukanyaga

Mwendo wa kila sekunde uendelee, huku ukimwomba akanyage kidogo tu ubao ulioegemezwa kwenye unyayo wake, kama anayejaribu breki. H iliyokuwa imelala huinuka palepale, na M haisogei. Mwambie aachie. Baada ya mapigo machache imelala tena.