Mkiachana, mikorosho inabaki kwa nani? Namna ya kugawana mali, kiinua mgongo na matunzo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Naandika hii kwa ajili ya wale ambao ndoa imeshafika mwisho kweli, sio waliogombana juzi kwa hasira. Miaka mitatu iliyopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwenye kesi yake ya talaka, kijiji kimoja upande wa Masasi, kuanzia baraza mpaka hukumu, na tangu hapo wadada wengi wananiuliza maswali yale yale, na wanaume pia wapo, kwa hiyo naweka yote hapa kwa mpigo.

Kitu cha kwanza, na ndicho watu wengi wanakikosea: hakuna sheria inayosema lazima iwe nusu kwa nusu. Watu wanaenda mahakamani wamekaza shingo "nusu yangu, nusu yangu" afu hakimu anawauliza ushahidi uko wapi, kimya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja, na inaangalia mchango wa kila mmoja kwa hela, kwa mali au kwa kazi, inaangalia madeni mliyokopa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yenu. Kazi za nyumbani nazo ni mchango, hilo Mahakama ya Rufani ilishalimaliza mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, yani kupika, kulea, kutunza nyumba vyote vinahesabika. Ila watu wakihadithia kesi hiyo wanaishia hapo, hawasemi kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa sababu kuna hela mumewe alishampa na mahakama ikaona amezitumia vibaya. Kwa hiyo haki ipo lakini inategemea umeonyesha nini.

Sasa ushahidi. Dada yangu alikuwa na daftari la shule la mwanae, lile la kurasa chache, jalada limeshachanika, kila msimu alikuwa anaandika: palizi ya kwanza vibarua wanne, palizi ya pili watatu, mifuko ya salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) mingapi, mtu wa mashine ya kupulizia kalipwa shilingi ngapi, na pembeni kaandika "hela ya vitumbua" maana yeye ndiye alikuwa analipa vibarua kwa hela ya vitumbua. Hakuandika kwa ajili ya kesi, aliandika asidhulumiane na vibarua. Lakini siku ile hakimu aliligeuza ukurasa mmoja mmoja, kimya, na shemeji ambaye alikuwa amesema "huyu alikuwa anakaa nyumbani tu" akainamisha kichwa. Karatasi za AMCOS, yani chama cha ushirika tunachouzia korosho, zote zilikuwa na jina la shemeji, malipo yote yaliingia kwenye akaunti yake, lakini lile daftari na yule kijana wa mashine aliyekuja kusema "mama ndiye alikuwa ananilipa" ndivyo vilivyobeba kesi.

Kwa hiyo hata kama ndoa yako ina amani, andika. Tunza stakabadhi za ghalani (karatasi za korosho mlizopeleka ghalani), risiti za pembejeo, meseji za hela za simu, risiti za bati na saruji, karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Piga picha uzitumie kwa mtu unayemwamini, maana karatasi za ndani ya nyumba siku ya ugomvi huwa zinapotea. Kama jina lako halipo popote usikate tamaa, sheria inasema mali yenye jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake, lakini hiyo ni dhana tu, unaweza kuipinga kwa ushahidi. Ikiwa na majina mawili inachukuliwa mna sehemu sawa.

Njia yenyewe inaanzia kwenye baraza la usuluhishi, sio mahakamani. Linaweza kuwa la kata, la BAKWATA, la kanisa, ilimradi linatambulika kisheria. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, na hiyo hati usiifungie sandukuni ukasubiri msimu uishe, kwa sababu shauri la talaka linatakiwa liambatane na hati isiyozidi miezi sita. Kuna hali chache ambazo unaruhusiwa kwenda bila baraza, mfano mwenzio kakutelekeza na hujui alipo. Baada ya hapo unafungua shauri mahakama ya mwanzo, Kiswahili kitupu, usiogope. Kwa Waislamu wenzangu: talaka ya mdomo au ya karatasi pekee haigawi mali, mahakama ndiyo inatamka na kugawa. Na kitoka nyumba, yani kile cha kukuaga anachokupa mume ukiachika, ni kitu kingine kabisa, ukikipokea usikubali kuandikishwa kwamba umemaliza na hudai kitu. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi bila ndoa, watu wakawaona kama mke na mume, nao wana pa kusimama, kifungu cha 160 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, msidanganywe kwamba "hatukufunga ndoa hakuna kitu".

Tukija kwenye shamba. Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa mikoa mingine hawalijui, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera kwa asili ukoo tunahesabu upande wa mama, mwanaume anakuja kuoa, anapewa eneo na wajomba wa mke, anapanda mikorosho, miaka ishirini baadaye wanaachana. Ardhi ya ukoo sio mali ya ndoa, hakimu hawezi kuwagawia ardhi ya wajomba zako. Lakini mikorosho aliyoipanda na kuihudumia ni jasho lake, na sheria inasema mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzie au kwa nguvu za wote, nayo inaingia kwenye mgao. Hapa nasema ukweli hata kama wanawake wenzangu watanichukia, kumfukuza mtu mikono mitupu baada ya miaka ishirini ya palizi kisa "hii ya mjomba" ni dhuluma, mlipeni thamani ya miti au mwacheni avune misimu kadhaa mliyokubaliana kwa maandishi. Na kinyume chake ni vile vile, mwanamke aliyehamia kwa mume akapalilia miaka yote hiyo.

Mkienda kugawa msihesabu ekari, hesabuni miti, tena muikague mnatembea wote na shahidi. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inabeba miti kama 28, lakini mashamba yetu mengi ya zamani miti imebanana au imekufa katikati, kwa hiyo ekari mbili za huyu na ekari mbili za yule zinaweza zisifanane hata kidogo. Mti mkongwe unaokauka matawi sio sawa na mti wa miaka kumi. Shemeji alitaka kumpa dada upande wa bondeni, kwa macho ni pakubwa, tulivyotembea tukakuta nusu ya miti ina ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na haijapuliziwa msimu mzima. Tukakataa pale pale. Afu ulizeni na korosho zilizoko juu ya mti msimu huo ni za nani, mliandike, msiliache, maana ugomvi mkubwa unatokea Septemba mpaka Desemba watu wakianza kuokota. Na kuwa macho na kangomba, yani kuuza korosho kwa magendo nje ya AMCOS, mtu akishajua kesi inakuja anauza korosho mapema kwa bei ya chini ili kwenye AMCOS ionekane hakuvuna kitu. Ukisikia hivyo nenda na barua serikali ya kijiji, iandike tarehe, igongwe muhuri, na uiombe mahakama izuie mali isiuzwe kabla ya hukumu. Nyumba mnayoishi nayo sheria inakataza kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzio.

Ushauri wangu mimi, kama huna nguvu wala hela ya salfa usiling'ang'anie shamba, chukua nyumba au chukua thamani, mikorosho isiyohudumiwa misimu miwili ni kuni tu. Dada yangu alichukua miti 60 ya karibu na barabara na chumba na sebule cha mjini, akaacha lile shamba kubwa, watu walimsema sana. Madeni nayo yagawanywe, deni la pembejeo au la bati ni la wote, lakini mkopo aliochukua kimya kimya akanywea, mwambie hakimu wazi kwamba haukuingia nyumbani.

Kwa wenye wenza walioajiriwa, walimu, manesi, watu wa halmashauri, bandari, swali ni kiinua mgongo. Mfuko wa hifadhi ya jamii, uwe PSSSF (wa watumishi wa umma) au NSSF, unamlipa mwanachama mwenyewe, usitegemee uende dirishani na hukumu yako ya talaka ukakatiwa kipande. Kama alishastaafu akapokea mkupuo na ukajengewa nyumba au ukanunuliwa bodaboda mkiwa bado kwenye ndoa, pambana na hiyo nyumba na bodaboda, hizo ni mali zinazoonekana. Kama bado yuko kazini, iombe mahakama imtake alete taarifa ya michango yake na salari slipu, kule PSSSF mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15, kwa hiyo ni akiba kubwa ambayo yeye anayo na wewe uliyebaki shambani huna, na hiyo ni hoja nzuri ya kuomba sehemu kubwa zaidi ya nyumba au shamba. Mkielewana wenyewe ni rahisi zaidi, yeye abaki na pensheni yake, wewe uandikiwe nyumba, afu makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri, yasibaki karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. Na ujue ukishaachika wewe sio mjane wake tena akifariki, ila watoto wake wanabaki watoto wake, hakikisha majina yao yameandikwa kwenye mfuko.

Matunzo ni mambo mawili tofauti. Ya mtoto ni haki ya mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009, hayafutwi na ugomvi wenu wala na wewe kuolewa tena, na unaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ya kwako wewe mtalaka mahakama inaweza kuamuru ikiona inafaa, inaangalia kipato cha mwenzio na mahitaji yako, na yanakoma ukiolewa. Usiseme "anipe hela ya kutosha", nenda na hesabu, unga kilo ngapi, sare, madaftari, nauli, hospitali. Na kwa baba mkulima usiombe kiasi kikubwa kila mwezi, Machi hana hela na atashindwa kweli, omba kidogo kila mwezi na fungu kubwa malipo ya mnada wa korosho yakitoka. Zipitie kwenye simu sio mkononi, meseji ndiyo risiti ya wote wawili, hata baba inamlinda.

Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au mahakamani kwenyewe watakuelekeza, huduma ni bure.

Hukumu ikitoka chukua nakala yenye muhuri, usiridhike na kuisikia tu. Dada alipeleka nakala AMCOS siku ya pili yake, akasajiliwa kwa jina lake na ile miti 60, akapeleka nyingine serikali ya kijiji, ya tatu akaikunja akaiweka ndani ya lile daftari la vibarua. Msimu uliofuata stakabadhi ya kwanza yenye jina lake alinipigia simu saa mbili usiku kunisomea.