Kumpokea mwanafunzi wa kigeni katika nyumba ya dini mbili

Mume wangu ni Mwislamu, mimi Mkatoliki, na tunakaa Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ukimpokea kijana wa kubadilishana wanafunzi kwenye nyumba kama yetu, mwambie kabla hajapanda ndege: adhana ya alfajiri itamwamsha, kitimoto hakiingii jikoni, Jumapili mama anakwenda misa. Wazazi wake nao wajue.

Dini yake muulize faraghani, si mezani mbele ya mashemeji. Wetu, binti wa Kijerumani, alisema hana dini. Mama mkwe aliguna, akaendelea kuchambua dagaa. Yakaishia hapo. Akitaka kuja kanisani, aje kama mgeni. Asipotaka, abaki na kitabu chake. Habari za kumvuta huku au kule piga marufuku, hasa kwa mashangazi.

Ramadhani ndiyo yenye kazi. Asilazimishwe kufunga. Mwekee chakula cha mchana kwenye hotipoti, ale bila kujificha kama mwizi. Magharibi ikiingia aketi jamvini na wote: tende, uji wenye pilipili manga, magimbi, sato wa kukaanga. Mwonyeshe kunawa na kula kwa mkono wa kulia. Daku msimwamshe, labda aombe mwenyewe.

Ziwani asiogelee hovyo. Kichocho kipo, na konokono wa majini ndio wanaokieneza. Chandarua kila usiku, maji ya kunywa yachemshwe.

Mpe pia kanga mbili: moja ya kutokea bafuni, nyingine ya kujitanda mkienda msibani.